PIKIPIKI IMEINGIA NYUMBANI: LAKI TATU ZA KWANZA ZIENDE WAPI? (Sehemu ya 6)

Sehemu zilizopita tuliongea homa za watoto, kuharisha na kadi ya kliniki. Leo nahama kidogo. Najua kuna mtu atasema, "Nesi na pikipiki wapi na wapi?" Nivumilie, ukifika mwisho utaona ni mambo yale yale ya afya ya familia yako.

Sisi tunaokaa pembezoni, Chamazi, Charambe, Kijichi, Buza, na wenzetu wa Bunju na Mabwepande kule Kinondoni, pikipiki kwetu si anasa. Lami inaishia mbali na nyumba. Daladala haifiki mlangoni. Pikipiki ndiyo inayopeleka mtungi wa gesi, ndiyo inayompeleka mtoto kliniki, ndiyo inayoitwa saa nane usiku jirani akishikwa na uchungu. Kwa hiyo pikipiki ni kitu cha nyumbani kama jiko. Na kama vile wewe mama unavyokuwa na la kusema jiko likinunuliwa, uwe na la kusema pikipiki inapotengenezwa.

Kwetu ilikuwa hivi. Baba watoto alinunua pikipiki ya cc 150, imetumika kidogo, ya kwenda kazini na kurudi, na jioni kunifuata nikitoka zamu. Miezi michache baadaye kikoba chetu kikavunjwa, tukakubaliana laki tatu ziende kwenye pikipiki. Hapo ndipo ushauri ukaanza kumiminika kutoka kijiweni. Toboa egzosi ipumue. Toa boksi la filta, weka ile ya wazi. Ongeza meno ya sproketi ya mbele ikimbie. Funga taa nyeupe kali za pembeni. Toa vile vyuma vya nyuma vinaifanya pikipiki ionekane ya mzee. Mwenzangu akaja na karatasi kabisa, imeandikwa vitu vitano, na hakuna hata kimoja kilichohusu kusimama.

Nikamwambia, kabla hatujagusa hela hii, nikuambie ninachokiona mimi kazini. Nikawa namhesabia, nanyi nawahesabia.

Cha kwanza ni mguu. Mfupa wa chini ya goti, mara nyingi umevunjika na ngozi imechanika, mchanga umeingia ndani. Huo mfupa hauungi wiki mbili. Ni miezi mitatu mpaka sita, na ukiingia wadudu ni zaidi ya hapo. Miezi yote hiyo mtu hafanyi kazi, na mke wake naye hafanyi biashara kwa sababu anamuuguza. Ukiona mama yuko nje ya wodi na ndoo na mkeka, jua kuna genge limefungwa mahali, na watoto wanakula kwa shangazi.

Cha pili ni kichwa. Kijana ameingia anaongea, anaulizia simu yake, saa moja baadaye anaanza kutapika na kusinzia. Hilo sitalielezea sana. Wengi mmeshafiwa hivyo.

Cha tatu ni moto wa egzosi. Huu ni wa kwetu sisi wanawake na watoto. Ndama ya mguu wa kulia, kidonda cha mviringo, alama inabaki maisha.

Cha nne ni gurudumu la nyuma. Kanga, dera, baibui au mtandio unanaswa kwenye cheni au spoku, mama anavutwa chini mgongo mgongo. Na kwa watoto ni kisigino: mguu hauna pa kukanyaga, unaning'inia, unaingia kwenye spoku, ngozi ya kisigino inafunuka kama ganda la ndizi.

Katika hivyo vinne, sijawahi kupokea mgonjwa aliyeletwa kwa sababu pikipiki yake ilikosa mbio.

Sasa msinielewe vibaya, mume wangu alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa ya kweli. Aliniambia, "Mama, nikikubeba wewe na mizigo, ile njia ya mchanga inanishinda. Na barabara ya Kilwa nikiwa nyuma ya lori, pikipiki haivuti, nabaki katikati ya malori mawili. Nguvu nayo ni usalama." Hapo siwezi kumbishia. Pikipiki isiyovuta kweli inakuweka pabaya. Swali likawa, nguvu hiyo tunaipata wapi?

Tukaenda kwa fundi, mzee mmoja ambaye hana haraka. Nitawaeleza alichotufundisha kwa lugha yetu ya jikoni.

Pikipiki hizi za mtaani, Boxer na TVS za cc 100 mpaka 150, zina nguvu ya farasi kama 8 mpaka 12 hivi. IST yenye injini ndogo ina zaidi ya 80. Kwa hiyo hata ukiongeza kidogo hujapata gari, umepata kelele. Ukitoboa egzosi na hujagusa kabureta, hewa inazidi petroli, injini inachemka zaidi, na kinachoongezeka sana ni mlio. Utaamsha watoto wa mtaa mzima saa kumi na moja alfajiri, na wa kwako wa kwanza. Filta ya wazi ndiyo mbaya zaidi kwa huku kwetu: vumbi la Chamazi linaingia moja kwa moja kwenye silinda, linasaga ringi za pistoni, baada ya muda pikipiki inatoa moshi na kunywa oili. Unakuwa umenunua ugonjwa.

Na sproketi je? Hapa sikilizeni, maana vijana wengi wanakosea. Ukiongeza meno ya sproketi ya mbele, mwendo wa juu unaweza kuongezeka, lakini mvuto unapungua. Yaani ukiwa umebeba mtu, mchangani au kwenye kilima, inakuwa nzito kuliko mwanzo. Ukipunguza jino moja mbele, inavuta vizuri na mzigo, ila mwendo wa juu unapungua kidogo na injini inapiga kelele zaidi ukiwa mbio. Kwa familia inayobeba watu na mizigo mchangani, ushauri wa kijiweni ulikuwa kinyume kabisa na tulichokuwa tunakitafuta.

Halafu mzee akasema neno nililolipenda: "Hii pikipiki haijapungukiwa nguvu ya kuongezewa. Imepoteza ya kwake. Irudishieni kwanza." Akafungua filta, imejaa vumbi kama mto wa zamani. Plagi nyeusi. Tapeti zimelegea. Cheni kavu, imenyooka vibaya. Breki ya nyuma inagusa kidogo hata ukiwa hujaikanyaga, yaani pikipiki ilikuwa inakimbia huku imeshikwa. Sisi manesi tunalijua hili. Mgonjwa mwenye upungufu wa damu humpi dawa ya kuongeza nguvu za kukimbia, unamrudishia damu.

Basi, hivi ndivyo laki tatu zilivyokwenda, kwa mpangilio. Bei siwaandikii kwa sababu Kariakoo ni bei moja, duka la mtaani ni bei nyingine, na kesho zote zinabadilika. Ulizeni maduka matatu.

1. MATAIRI. Hili ndilo la kwanza kabisa. Sehemu ya tairi inayogusa barabara ni ndogo, kama kiganja cha mkono, na mbio zote, breki zote, kona zote zinapita hapo. La nyuma letu lilikuwa kipara. Tukaweka jipya lenye meno ya wastani, linalokwenda lami na mchanga, la saizi ile ile iliyoandikwa kwenye tairi la zamani. Usikubali kuwekewa nene zaidi kwa sababu linapendeza. Upepo tunapima kwa kipimo, si kwa kupiga teke, na tukibebana la nyuma linaongezwa kufuata maelekezo ya pikipiki. Mvua za masika na vuli zikianza, matone yale ya kwanza yakichanganyika na vumbi na oili ya barabarani, lami inateleza kama sabuni. Siku hiyo ndiyo unajua thamani ya tairi.

2. BREKI. Breki shuu mpya mbele na nyuma, ngoma zikasafishwa, waya wa breki ya mbele ukabadilishwa. Na hapa kuna imani ya mtaani naomba tuiue: "Usishike breki ya mbele, itakupindua." Hapana. Ukifunga breki, uzito wote wa pikipiki na watu unaegemea mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye kazi kubwa ya kusimamisha. Breki ya mbele hainyongwi ghafla, inabanwa taratibu ikiongezeka, pamoja na ya nyuma. Kona ikiwa na mchanga, breki zote zifungwe kabla ya kona, si ndani yake. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji barabara ndefu zaidi kusimama, na barabara hiyo Mbagala Rangi Tatu hakuna.

Ngoja niwape hesabu ndogo. Kwa kasi ya 40 kwa saa, pikipiki inakwenda mita 11 kila sekunde. Kwa 60, karibu mita 17. Sekunde moja ndiyo muda wa kuona mtoto amekimbilia mpira na mkono kufika kwenye breki. Na baada ya breki kushika, kwenye 60 unahitaji umbali mara mbili na robo wa ule wa 40. Mwendo umeongezeka nusu tu, umbali umezidi mara mbili. Mwenzangu aliichora hesabu hii nyuma ya karatasi yake yenye vitu vitano. Alikaa kimya kidogo.

3. SERVISI KAMILI, CHENI NA SPROKETI. Filta mpya ya kawaida, plagi, oili, kuseti tapeti, kabureta ikasafishwa. Cheni ikabadilishwa pamoja na sproketi zote mbili, kwa sababu cheni mpya kwenye meno yaliyochakaa inakufa mapema. Mbele tukapunguza jino moja. Hapo ndipo baba watoto alipata nguvu yake. Kile kipande cha mchanga kabla ya kwetu sasa tunapita wawili na kapu la sokoni, bila kunishusha nitembee.

4. HELMETI MBILI. Moja ya kwake, moja ya kwangu. Si ile ya plastiki nyepesi kama bakuli. Ifungue uangalie ndani: lazima kuwe na povu gumu nene chini ya kitambaa, maana hilo povu ndilo linalopondeka badala ya fuvu lako. Alama kama ECE ni nzuri ukiipata, ingawa stika zinaghushiwa, kwa hiyo angalia na povu, angalia na mkanda wa kidevu. Ikishaanguka ajali moja, imemaliza kazi, hata kama nje inang'aa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Mimi nikisoma namba hizo naona vitanda vitupu wodini, na natamani viwe vitupu.

Najua mtaniambia nywele, harufu, fangasi. Sawa. Vaa kofia nyepesi ya kitambaa chini yake, uifue kila ukirudi. Lakini mkanda ufungwe. Helmeti isiyofungwa inatangulia kuruka kabla yako.

5. KUONEKANA. Saiti mira zote mbili zikarudi (zilikuwa zimetolewa, eti zinaziba njia kwenye foleni). Indiketa zinawaka, taa ya breki inawaka, taa ya mbele inawashwa hata mchana. Kizibao cha kuakisi mwanga. Zile taa nyeupe kali hatukufunga, kwa sababu anayepofuka ni dereva wa lori anayekuja mbele yako, na yeye ndiye unayetaka akuone vizuri.

Laki tatu zikaisha hapo. Bampa ya pembeni ya kulinda miguu tuliisubiri mwezi uliofuata, tukaipata.

Sasa nije kwenu, abiria wenzangu.

Vile vyuma vya nyuma upande wa kushoto, ambavyo vijana wanavitoa pikipiki ionekane ya kisasa, mnajua kazi yake? Pikipiki nyingi tunazotumia zinatoka India. Kule wanawake wanavaa sari, na sheria yao inadai gurudumu la nyuma lizibwe ili nguo ya abiria isinaswe, pamoja na kuwa na pa kushika na pa kukanyaga. Sari na kanga ni ndugu. Kwa hiyo kile chuma kimetengenezwa kwa ajili ya mwanamke kama wewe na mimi. Kama pikipiki ya nyumbani kwako imekuja nacho, kisitolewe. Kama haina, mchomeleaji mzuri anaweza kukutengenezea. Hata hivyo kusanya dera, likalie, na mtandio uingie ndani ya koti.

Panda na ushuke upande wa kushoto, kwa sababu egzosi iko kulia, na kushoto ndiko ukingo wa barabara. Kaa kwa kupanuka kama unaweza, maana ukikaa upande kona inamvuta dereva. Ukiungua, maji safi ya bomba yanayotiririka, si ya barafu, dakika 20. Dawa ya meno, yai, mafuta ya taa, asali, vyote hapana. Kidonda kikiwa na malengelenge makubwa, au ni mtoto, njoo hospitali.

Na mtoto. Kama miguu yake haifiki pa kukanyaga na mikono yake haizunguki kiuno cha baba, huyo bado hajawa abiria wa pikipiki. Kumweka mbele kwenye tenki ni kumfanya yeye ndiye bampa. Mishikaki ndiyo kabisa. Najua maisha, najua siku ambazo hakuna namna na mtoto anawaka homa. Siku hizo chukua bajaji. Kama hakuna bajaji, nenda taratibu kabisa, mtoto akiwa katikati yenu, na msipite njia ya mwendokasi kukwepa foleni. Basi lile haliwezi kukukwepa.

Jambo la mwisho, leseni. Pikipiki ya zaidi ya cc 125 inahitaji daraja A. Wengi wamejifunzia uwanjani kwa rafiki, wakajua gia, breki ya dharura hawajawahi kuifanyia mazoezi hata mara moja. Mazoezi ya Jumapili asubuhi kwenye uwanja mtupu, kufunga breki kutoka 20, kutoka 30, kutoka 40, hayagharimu kitu. Katika vyote nilivyoorodhesha leo, hiki ndicho cha bure.

Jinsi ya kuongea na mzee wa nyumbani kwako: usimwambie mbele ya wenzake. Usianze na "utakufa." Wanaume wetu wakisikia hivyo wanaziba masikio, na kweli hakuna anayependa kutabiriwa kifo mezani. Mimi nilianza na kile alichokitaka yeye, nguvu. Nikamuuliza inapotelea wapi, tukaitafuta pamoja kwa fundi. Mwanaume akigundua kuwa breki inayoburuza ndiyo inayomla mbio zake, breki anaitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Bado anatamani ile egzosi, siwadanganyi. Jana kanionyesha picha. Nikamwambia tumalize kwanza ada ya shule, halafu mguu wako wa kulia na wangu tuuulize unasemaje.

Sehemu ya 7 nitaandika mtu akianguka na pikipiki mbele yako, ufanye nini dakika kumi za kwanza, na kwa nini usimvue helmeti kwa kuivuta. Kabla ya hapo naomba kitu kimoja: kesho pikipiki ikiwa imesimama uani, inama uangalie tairi la nyuma, bonyeza breki ya mbele, washa taa. Dakika mbili tu. Ukiona kipara, unajua laki zako za kwanza zinaanzia wapi.

Nesi wenu, Temeke.